Injini Ndogo na Mafundi Wanaoonyeshana

Leo napenda kuwaelezeni habari za watu wazima wanaounda magari ya moshi madogo ya kuendeshwa juu ya meza, na hasa wale wanaopenda injini iliyo ndogo kuliko zote, ile ifanyayo kazi ya kupanga mabehewa. Watu hao ni wengi katika Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani, na katika nchi nyingine pia. Miongoni mwao wamo waalimu, maseremala, makarani, na watu wa reli waliokwisha kustaafu. Wana vyama vyao, na siku ya kukutana kila mtu huja na injini yake, akaionyesha kwa wenzake na kuwaachia waiendeshe.

Asiyejua aweza kucheka akasema, "Hao ni watoto wenye ndevu." Lakini tukiitazama kazi yao vizuri tutaona kwamba ndani yake mna ufundi wa chuma, elimu ya umeme na hesabu. Tena mna jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni desturi ya kumwonyesha mwenzako ujuzi wako ili usife pamoja nawe. Jambo hilo lamfaa hata mtu ambaye hataona gari la moshi la mezani maisha yake yote.

KAZI YA INJINI NDOGO

Kwanza yatupasa kujua injini ya namna hii ina kazi gani. Msafiri wa reli ya kati ya Tanzania ajua kwamba Tabora ndipo njia zinapogawanyika, moja ikaenda Kigoma na moja Mwanza. Basi na tufikiri kwamba gari la mizigo limefika hapo na mabehewa 20. Moja lina saruji ya kwenda Mwanza, la pili lina mafuta ya kwenda Kigoma, la tatu lina sukari ya kuachwa papo hapo, na yote yamefungamana bila taratibu. Gari hilo haliwezi kuendelea hivyo. Hapana budi mabehewa yafunguliwe, yavutwe, yasukumwe katika njia za pembeni, kisha yaunganishwe upya, kila moja mahali pake. Kazi hii ndiyo watu wa reli waiitayo kushanti, na injini iliyoundwa kwa kazi hiyo ni injini ya kushanti.

Injini hiyo haina haja ya mbio. Huenda mbele hatua mia, hurudi nyuma hatua hamsini, usiku na mchana, wala haitoki katika uwanja wa stesheni. Itakiwalo kwake ni nguvu ya kuondoa mzigo uliosimama, magurudumu yaliyokaribiana ili ipite katika njia zilizopinda sana, breki zitiizo upesi, na madirisha yatakayompa dereva kuona mbele na nyuma. Abiria hawaijui jina. Lakini isipofanya kazi yake usiku, gari la asubuhi haliondoki.

Tena kazi hii ina hatari. Zamani katika Marekani mabehewa yaliunganishwa kwa pete ya chuma na msumari mnene. Mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, akaiongoza pete kwa mkono wake, akauchomeka msumari. Wengi walikatika vidole, na wengine walibanwa wakafa. Mwaka 1873 Mmarekani mmoja, Eli Janney, alipewa hati ya serikali kwa kubuni kiungo kinachojifunga chenyewe, mfano wa vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa vikashikana. Na mwaka 1893 serikali ya Marekani ikatoa sheria ya kuwalazimisha wenye reli kutumia viungo vya kujifunga.

Kiungo hicho hicho, kilichopunguzwa hata kichwa chake kikawa kama punje ya mchele, kimo katika injini za mezani za Marekani. Katika vile vinavyotengenezwa na kampuni ya Kadee, sumaku iliyowekwa chini ya reli hukifungua kiungo, hata mtu asiwe na haja ya kuligusa behewa.

INJINI TATU ZENYE HABARI

Fundi wa mezani hapendi kuunda injini asiyoijua asili yake. Kila moja ina habari yake, na hizi ni tatu ambazo hupendwa sana.

Ya kwanza ni nambari 1000 ya reli iitwayo Central Railroad of New Jersey. Watu wa New York walikuwa wamechoshwa na moshi wa makaa, na mwaka 1923 ikatungwa sheria ya kuzitaka reli ziache injini za mvuke mjini mle. Mwaka 1925 injini hii ikaanza kazi katika sehemu ya mji iitwayo Bronx. Umbo lake ni kama sanduku lenye madirisha. Ndani yake mna mtambo wa mafuta wenye nguvu za farasi 300, ambao hauzungushi magurudumu wenyewe, bali hufua umeme, na umeme huo ndio uyazungushao magurudumu. Ilipanga mabehewa hata mwaka 1957, na sasa imewekwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Baltimore. Injini nyingi za leo zivutazo mizigo mikubwa hutumia mpango ule ule wa mafuta kufua umeme.

Ya pili iliundwa na kampuni ya General Electric tangu mwaka 1940 hata mwaka 1956, na uzito wake ulitokana na mapatano ya kazi. Mwaka 1937 wenye reli wa Marekani na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba injini yoyote ambayo magurudumu yake ya kuvutia yanachukua uzito wa ratili 90,000 au zaidi lazima iwe na mtu wa pili pamoja na dereva. Wafanyakazi walitaka kulinda riziki zao, na wenye reli walitaka kupunguza gharama. Basi wahandisi wakaunda injini ya tani 44. Tani ya Kimarekani ni ratili 2,000, kwa hiyo injini hii ilikuwa na uzito wa ratili 88,000, pungufu kidogo ya mpaka uliowekwa, na mtu mmoja aliweza kuiendesha peke yake. Chumba cha dereva kiko katikati, na kila upande una mtambo wake. Atakayeiona mezani bila kuijua habari hii ataona umbo la ajabu tu. Bali ajuaye ataona ndani yake mashindano ya watu juu ya mshahara na kazi.

Ya tatu ni ya Uingereza, nayo huitwa Daraja la 08. Ziliundwa 996 kati ya mwaka 1952 na 1962, na hakuna aina nyingine ya injini iliyoundwa kwa wingi huo kwa reli za Uingereza. Ina magurudumu sita, nguvu za farasi 350, na mwendo wake hauzidi maili 20 kwa saa. Chache ziko kazini hata leo.

KUPUNGUZA KWA KIPIMO

Fundi wa mezani hapunguzi kwa kukisia. Kila kitu hugawanywa kwa nambari moja. Kipimo kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote huitwa HO, na maana yake ni kwamba kila urefu umegawanywa kwa 87. Mtu mwenye urefu wa sentimeta 174 huwa sentimeta 2. Reli za upana wa milimita 1,435, kama zile za njia mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, huwa na nafasi ya milimita 16 na nusu. Na njia ya zamani iliyojengwa kutoka Mombasa hata Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, ambayo upana wake ni meta moja, ingekuwa na nafasi ya milimita 11 na nusu.

Waingereza wengi hugawanya kwa 76. Injini yao ya Daraja la 08, ambayo urefu wake ni karibu meta 9, huwa milimita 117 mezani, yaani kama nusu ya shubiri. Wako pia wanaogawanya kwa 160, na injini zao hutoshea katika kiganja cha mtoto.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa hesabu watalipenda. Ukigawanya urefu kwa 87, uzito haugawanyiki kwa 87. Kitu kina urefu, upana na kimo, na vyote vitatu vimepunguzwa. Kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 87 mara 87 mara 87, yaani kwa 658,503. Tuichukue ile injini ya tani 44 za Kimarekani, ambazo ni karibu kilo 40,000. Ikipunguzwa kwa haki itakuwa na uzito wa gramu 61 tu, hata pungufu ya mkate mdogo. Na hapo ndipo shida za injini ndogo zinapoanza.

MARADHI YA INJINI NDOGO

Maradhi ya kwanza ni ya umeme. Katika meza nyingi umeme hupita katika reli zenyewe: huja kwa reli moja, huingia katika gurudumu, hupita katika mota, kisha hurudi kwa gurudumu la upande wa pili na reli ya pili. Injini kubwa ina magurudumu manane au kumi na mawili ya kuupokea, na mawili yakikosa, mengine hushika. Injini ndogo ina magurudumu manne au sita tu. Chembe moja ya vumbi, au tone la mafuta lililokauka, yatosha kuisimamisha. Tena katika njia panda za reli pana mahali ambapo reli moja huikata nyingine, na mara nyingi kipande hicho huwa hakina umeme. Injini ndefu hukiruka bila kujua, bali ile fupi hufika ikasimama juu yake kama punda aliyegoma.

Maradhi ya pili ni wepesi. Injini ya gramu 61 haiwezi kusukuma mabehewa mengi. Magurudumu yatazunguka bure papo hapo. Na ndani ya umbo lile dogo nafasi ni haba, kwani mota na gia vimekwisha kuijaza.

Maradhi ya tatu ni mbio. Mtu wa reli hukaribia behewa kwa mwendo wa mtu atembeaye, kama kilometa 4 kwa saa. Mwendo huo ukigawanywa kwa 87 ni milimita 13 kwa sekunde, polepole kama kobe. Mota ndogo haipendi mwendo huo. Ama hurukia behewa kwa kishindo, ama haiondoki kabisa. Kuiendesha mbio injini ya mezani ni kazi rahisi. Ufundi huonekana katika kuiendesha polepole bila kushtuka.

Dawa zimepatikana, moja moja, kwa miaka mingi. Magurudumu na reli husafishwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Kipande kile cha njia panda hupewa umeme wake. Pengo lililobaki ndani ya injini hujazwa vipande vya risasi, ambavyo ni vizito kwa umbo dogo. Mota hupewa gurudumu zito, ambalo likisha zunguka halisimami ghafula, hata likaivusha injini mahali penye uchafu. Na siku hizi huongezwa kapasita, kifaa cha kuweka akiba ya umeme kwa sekunde chache, kama mtungi uwekao maji bomba likikatika.

Dawa moja imetokana na elimu ambayo kila nyumba yetu inayo. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki juu ya sakafu mbovu, bali meza ya miguu minne huinua mguu mmoja. Hali kadhalika injini ya magurudumu manne yaliyofungwa imara: reli ikishuka kidogo, gurudumu moja huning'inia na umeme hukatika. Basi mafundi huufunga ekseli mmoja imara, na wa pili huuegemeza juu ya nukta moja katikati, upate kuinama huku na huku. Injini husimama juu ya nukta tatu kama kigoda, na magurudumu yote manne hugusa reli daima.

Tangu miaka ya 1990 pana pia mpango wa kupeleka amri kwa umeme. Zamani umeme uliongezwa au kupunguzwa katika reli, na injini zote zilizokuwa juu yake zilitii pamoja. Siku hizi reli huwa na umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo mna maneno ya siri yenye nambari. Kila injini ina nambari yake, nayo husikia amri zake tu, kama mtoto aitwaye kwa jina katikati ya wenzake.

BARAZA LA MAFUNDI

Hakuna mtu mmoja aliyezivumbua dawa hizo zote. Zilipatikana kwa kuonyeshana.

Lakini watu hawawezi kuonyeshana ikiwa vitu vyao havipatani. Zamani kila kampuni ilitengeneza magurudumu na reli kama ilivyopenda, na injini ya mtu huyu mara nyingi haikuweza kupita katika reli za yule. Mwaka 1935 wapenzi wa kazi hii walikutana mjini Milwaukee katika Marekani, wakaunda chama cha nchi nzima, National Model Railroad Association. Kazi yake kubwa ilikuwa kuweka vipimo vya kufuatwa na wote: upana wa reli, unene wa ukingo wa gurudumu, na kimo cha kiungo. Tangu hapo mtu aliweza kuibeba injini yake mpaka mji mwingine, akaiweka juu ya reli za mtu asiyemjua, nayo ikaenda.

Wengine wameendelea zaidi. Kila mmoja huunda kipande cha meza nyumbani kwake, ambacho miisho yake imepimwa kama miisho ya vipande vya wenzake. Siku ya mkutano vipande huletwa na kuunganishwa, na njia ya reli ikawa ndefu kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza kuijenga peke yake.

Katika mikutano ya namna hii injini ndogo ina heshima ya pekee, kwa sababu haiwezi kuficha kasoro. Injini kubwa nzuri, yenye rangi ya kung'aa, hupita mbio na watu wakaisifu. Injini ya kushanti huambiwa, "Nenda polepole katika njia panda hii, simama, rudi, shika behewa lile." Ikiwa waya umelegea au gurudumu ni chafu, baraza zima litaona. Na hapo ndipo faida ilipo. Mmoja huuliza, "Umeipa uzito gani?" Mwingine huinama akatazama magurudumu yakipita, akasema, "La nyuma haligusi." Wa tatu huifungua injini yake mwenyewe akaonyesha alivyopitisha waya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na jicho moja halioni kasoro zote.

FUMBO LA MABEHEWA

Tena wapenzi hawa hupeana mafumbo, na haya twaweza kuyafanya hata sisi tusio na reli.

Mwingereza mmoja, Alan Wright, aliunda uwanja mdogo wa reli ulioitwa Inglenook Sidings. Una njia tatu tu: moja yatosha mabehewa matano, na mbili zatosha matatu kila moja. Njia zote hukutana katika njia moja, ambayo yatosha injini na mabehewa matatu. Mabehewa ni manane. Matano huchaguliwa kwa kura, na mchezaji lazima ayapange katika njia ndefu kwa taratibu ya kura hiyo. Mtu ataona ni jambo dogo. Lakini behewa la kwanza laweza kuwa lolote katika manane, la pili lolote katika saba yaliyobaki, na kadhalika. Na 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4 ni 6,720. Hayo ndiyo magari mbalimbali yawezayo kutakiwa kwa mabehewa manane na injini moja ndogo.

Mwanafunzi na ajaribu fumbo lililo dogo zaidi. Tafuta viberiti vitupu vitano, uviandike nambari 1 hata 5, na kijiwe kimoja kiwe injini. Chora ardhini mistari mitatu inayokutana upande wa kushoto ikawa mstari mmoja. Mstari A watosha viberiti vitatu, B viwili, C viwili. Mstari wa kushoto watosha kijiwe na viberiti viwili, wala si zaidi. Kijiwe hukaa kushoto daima, kikavuta viberiti na kuvisukuma. Ni haramu kunyanyua kiberiti kukipitisha juu ya mwenziwe.

Weka 1, 2 na 3 katika A, 1 kikiwa karibu na kijiwe. Weka 4 na 5 katika B, 4 kikiwa karibu. C iwe tupu. Sasa amri imekuja: katika A watakiwa 4, kisha 1, kisha 3 mwisho.

Asiyefikiri ataanza kuvuta ovyo. Afikiriye ataona kwamba 3 kimekwisha kuwa mahali pake, na adui ni 2 peke yake. Basi kijiwe na kivute 1 na 2 pamoja kutoka A, kivisukume katika C. Kisha kichukue 1 kutoka C, kikirudishe A. Kisha kichukue 4 kutoka B, kikisukume A. Kazi imekwisha kwa safari tatu.

Rudisha viberiti kama vilivyokuwa mwanzo, ujaribu amri ya pili: katika A watakiwa 3, kisha 2, kisha 1 mwisho. Jibu lipo, ila utalazimika kukiondoa kiberiti 2, ambacho tangu mwanzo kiko mahali pake katikati. Mtu aweza kushindwa hapo, akiwa hapendi kuharibu kilichotengenezwa. Ukisha lipata, mpe ndugu yako ajaribu, ila usimwambie upesi.

Ndivyo afanyavyo mtu wa reli katika uwanja wa kweli. Kila kosa lake hulipwa kwa safari nyingine, kwa mafuta mengine, na kwa wakati wa watu wanaongoja. Kwa hiyo husimama kwanza, akapanga moyoni, ndipo aisogeze injini.

UJUZI ULIOPONA MOTO

Nitamaliza kwa habari ya John Allen, fundi wa mji wa Monterey katika California. Huyu alijenga nyumbani mwake njia ya reli ya mezani yenye milima, madaraja na miji, ambayo ilijulikana na wapenzi wa kazi hii katika nchi nyingi. Alikuwa mtu wa mzaha pia: katika uwanja wake mmoja aliweka sanamu ya mnyama wa kale mwenye magamba mgongoni, akamwita Emma, na kazi ya Emma ilikuwa kushanti mabehewa badala ya injini. Mwaka 1972 aliwatolea watu fumbo la kupanga mabehewa aliloliita Timesaver, yaani kiokoa wakati, ambalo wachezaji hushindana nani atamaliza upesi.

Mwezi wa Januari mwaka 1973 John Allen alifariki. Siku chache baadaye moto ulizuka katika nyumba yake, na sehemu kubwa ya kazi ya miaka mingi ikaharibika.

Fikirini hasara hiyo. Kama angaliificha kazi yake, ingalikwisha usiku mmoja. Lakini alikuwa amepiga picha nyingi, ameandika makala katika magazeti ya wapenzi wa reli, na amewakaribisha wenzake nyumbani waendeshe magari yake. Waliojifunza kwake wamewafundisha wengine. Fumbo lake lachezwa mpaka leo katika nchi nyingi, na watu ambao hawakuzaliwa alipokufa. Kilichoteketea ni mbao na chuma. Ujuzi ulikuwa umekwisha kuhamia katika mikono mingine.

Na sisi kwetu tunao mafundi: waunda mashua, wahunzi, watengenezaji wa saa, wafinyanzi, na wazee waliofanya kazi ya reli. Wengine wana ujuzi ambao haukuandikwa popote. Fundi akiogopa kuonyesha, asije mwenziwe akamwibia riziki, na kijana akiona haya kuuliza, asije akachekwa, ujuzi huo utazikwa kaburini bila hata moto kuwapo. Basi wewe fundi, mwite kijana mmoja umwonyeshe kasoro za kazi yako pamoja na uzuri wake, kwa maana katika kasoro ndimo mna mafunzo. Na wewe mwanafunzi, nenda kwa fundi mmoja wa kijijini kwako juma hili, ukae kimya utazame mikono yake, kisha umwulize swali moja.